Ukingo wa Diski

Kahama, Jumatatu 14 Novemba 1983

Mvua ya kwanza imenyesha leo saa tisa alasiri. Ilipiga bati la gereji kwa kishindo mpaka Ndugu Nassibu, mkuu wa usafiri, akanyamaza katikati ya maneno na kungoja ipungue. Alikuwa ananieleza kazi kwa mara ya pili. Mara ya kwanza niliitikia kila kitu bila kusikia chochote, kwa woga.

Kazi yenyewe si ngumu. Gari la shirika likirudi safari, fundi analikagua na kunitajia hali yake, nami naandika katika kitabu cha matengenezo: oili, matairi, betri, breki. Mwisho naweka saini, fundi anaweka dole gumba, gari linaruhusiwa kutoka. "Bila saini yako hakuna gari linalopita geti lile," alisema.

Niko kwenye majaribio hadi mwisho wa Aprili. Baba huko Geita amekwisha kuwatangazia watu wote wa kigango kwamba Justa ni karani.

Alhamisi 17 Novemba

Fundi wetu anaitwa Bujiku. Ni mtu wa makamo, mfupi, hajui kusoma, na kila kitu anakikagua kwa kukipapasa. Leo nilishika spana kwa leso nisichafuke. Akawaambia madereva, kwa sauti ya kunifikia, "Karani wetu huyu hata gari analipikia chai kwanza." Walicheka sana. Nilijifanya natafuta kalamu.

Jumatano 23 Novemba

Pijo stesheni wagoni imerudi kutoka Bugarama, tope mpaka kwenye vioo. Dereva wake ni Maduhu, wa Tinde. Bujiku alivua gurudumu la mbele akaniita nione, "ili siku nyingine uandike kitu unachokijua."

Nyuma ya gurudumu kuna diski, sahani nene ya chuma inayozunguka pamoja nalo. Dereva akikanyaga breki, pedi mbili zinaibana diski kutoka pande zote mbili kama vidole vinavyoshika chapati. Kila kubana kunakula pedi, na kunakula diski pia, kidogo kidogo. Masika hula haraka zaidi, kwa sababu tope ni mchanga, na mchanga ukiingia katikati unasaga.

Pedi mpya hazipo nchini, au zipo mahali tusipopajua. Bujiku anakata utando wa breki za malori, ule unaosuguana na chuma, anaugundisha kwenye pedi kuukuu. "Huu mgumu," aliniambia, akiniita mayu, yaani mama kwa Kisukuma. "Unasimamisha gari vizuri, lakini unakula diski kama mchwa. Sasa nifanyeje, mayu? Nivae mwenyewe?"

Nimecheka. Nadhani hiyo ndiyo mara ya kwanza kucheka hapa.

Jumamosi 26 Novemba

Mvua. Hakuna sabuni dukani. Magari mawili.

Jumapili 4 Desemba

Baada ya misa Maduhu alinisindikiza hadi nyumbani kwa shangazi. Huzungumza polepole, kama anavyoendesha. Alisema ana mama mmoja, ng'ombe wachache na leseni safi ya miaka saba, hajamkanyaga hata kuku.

"Na kuku wa Bugarama wanavyokatiza barabara," alisema, "hiyo si leseni, huo ni utakatifu."

Kisha akasema kwamba baada ya Pasaka angependa wazee wake waende Geita kumsalimia baba. Aliangalia barabara aliposema hivyo. Nikasema baba hupenda wageni.

Jumanne 20 Desemba

Maduhu anasema usukani wa Pijo unatikisika akifunga breki. Bujiku anasema diski imepinda kwa joto. Mwaka jana ilichongwa mara mbili kwenye mashine Shinyanga ili uso wake unyooke, na kila kuchonga kunapunguza unene. "Haichongwi tena hii. Imekuwa karatasi."

Ndugu Nassibu ameandika barua kuomba diski mpya. Mimi ndiye niliyeipiga taipu. Ni barua ya tano.

Jumamosi 24 Desemba

Maduhu ameenda Tinde kwa mama yake. Mvua haijakatika tangu jana.

Jumamosi 7 Januari 1984

Nataka kuandika siku ya leo vizuri, kwa sababu leo nimejiona mtu.

Jumatatu bwana shamba Ngassa anatakiwa kwenda Bugarama na kuendelea hadi Geita kukagua mashamba ya mbegu. Gari lililobaki ni Pijo. Bujiku alivua gurudumu, akapitisha ukucha wa dole gumba kutoka katikati ya diski kwenda nje. Ukucha ukakwama karibu na ukingo. Akasema, "Hii imekwisha. Haitoki."

Ndugu Nassibu alikuja na mwavuli wake. Alikuwa mpole, kama kawaida yake. "Fundi, mimi siwezi kumwandikia mkurugenzi kwamba kidole cha Bujiku kimekataa. Nataka namba." Kisha akanigeukia. "Karani umesoma wewe. Hamkufundishwa kupima?"

Tulifundishwa. Katika kasha la vyombo kuna venia, kile kipimo cha chuma chenye taya mbili tulichokitumia kwenye fizikia, na hakuna anayekigusa. Niliifuta kutu kwa mafuta ya taa. Nikachuchumaa kwenye tope na gauni langu la kazini, nikaibana diski kati ya taya, nikasoma mara tatu. Milimita kumi na mbili na sehemu moja. Kitabu cha gari kinasema isipungue kumi na moja na robo.

"Kumi na mbili nukta moja," nikasema, na sauti yangu haikutetemeka.

Ndugu Nassibu alitabasamu. "Unaona, fundi? Hii ndiyo faida ya shule."

Bujiku aliiangalia venia kama mtu anayemwangalia mgeni aliyekaa kwenye kiti chake. "Rudia," alisema. Nikarudia. Ikasoma vilevile. Kisha akachovya dole gumba kwenye wino, akaliweka karibu na saini yangu.

Maduhu alikuwa amesimama mlangoni. Alisema, "Ukisaini wewe, mimi naendesha hata hadi Bukoba."

Jumatatu 9 Januari

Wameondoka saa moja asubuhi. Maduhu alipiga honi mara mbili getini. Mvua nyepesi.

Jumanne 10 Januari

Habari imekuja saa nne kwa dereva wa lori. Sijui niandikeje.

Kabla ya kufika Bugarama kuna mteremko mrefu unaoishia kwenye daraja la magogo. Jana wakiteremka, gari halikusimama. Halikupunguza hata mwendo. Maduhu alivuta breki ya mkono, gari likazunguka kwenye tope, likapita kando ya daraja, likaangukia mawe upande wa abiria. Bwana shamba Ngassa alifia palepale. Ana watoto sita. Wiki iliyopita aliniletea maembe, akasema mimi ni mwembamba sana kuwa karani wa serikali, nikamwambia hili ni shirika, si serikali, akasema basi ndiyo maana.

Maduhu yuko hai. Walimleta hospitalini hapa usiku wakamkata mguu wa kulia, chini ya goti.

Nilikimbia huko bila kuaga kazini. Hawakuniruhusu kuingia. Nilikaa kwenye ngazi na wanawake wengine, na mmoja akanipa kanga nijifunike mvua, hakuniuliza jina.

Kitu kimoja nakiandika ili nijue kwamba nilikifikiria tangu siku ya kwanza: ile namba ni yangu.

Ijumaa 13 Januari

Trafiki wamekuja na mkaguzi wa magari. Walichukua kitabu cha matengenezo. Mkaguzi alisoma ukurasa wa tarehe 7, akaguna kwa kuridhika. Alisema mwandiko mzuri. Alisema diski ilikuwa salama kwa mujibu wa kitabu, pistoni ya breki, ile inayosukuma pedi, imechomoka kwa kugonga mawe, kwa hiyo kilichobaki ni dereva: mwendo wa kasi, au alisinzia.

Ndugu Nassibu aliniwekea mkono begani. "Umetuokoa wewe," alisema.

Niliamini. Namba ilikuwa imesoma vilevile mara nne. Nilirudi mezani nikalia kwa ajili ya Maduhu, na ndani ya kilio kile kulikuwa na nafuu. Nalitaja hilo kwa aibu.

Jumapili 15 Januari

Wameniruhusu kumwona. Mama yake amekuja kutoka Tinde, analala sakafuni karibu na kitanda. Maduhu amekuwa mdogo. Aliniuliza kama bwana shamba amezikwa. Nikamwambia ndiyo. Akageukia ukutani.

Alhamisi 19 Januari

Leo baada ya kazi Bujiku aliniita. Polisi waliacha gari lilivyo nyuma ya gereji, na diski bado iko mahali pake.

"Leta chombo chako cha shule."

Nikaleta.

"Pima."

Nikapima. Kumi na mbili na kidogo. Nikamwonyesha, nikidhani anataka kujifariji.

"Sasa leta kidole." Alinishika dole gumba akalipitisha juu ya diski kutoka ndani kwenda nje. Uso ulikuwa laini, laini, kisha ukucha ukagonga ukuta. Kwenye ukingo wa nje kabisa kulikuwa na mstari mwembamba wa kutu uliosimama juu kuliko uso wote, pande zote mbili, kama mdomo wa sahani.

"Pedi hazifiki hapa," alisema. "Hapa hapaliwi. Hapa diski ni nene kama siku iliyotoka dukani, na kutu juu yake. Taya za chombo chako ni ndefu, zimenyooka. Zimekalia ukingo, mayu. Katikati hazikugusa."

Akachukua gololi mbili za beringi, zinazolingana. Akaziweka moja kila upande, ndani ya ukingo, kwenye uso wenyewe ulioliwa, akanipa venia nibane juu ya gololi. Nikasoma. Nikapima gololi peke yake. Nikatoa mara mbili yake. Nilirudia hesabu hiyo kwenye kiganja, kwenye karatasi, kisha kichwani.

Milimita nane na nusu.

"Diski ikiwa nyembamba hivi, pistoni inatoka nje zaidi kuifuata," Bujiku alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anafundisha. "Inatoka, inatoka. Siku ya mteremko mrefu inavuka mpira wake wa kuzuia oili ya breki, oili yote inamwagika. Dereva anakanyaga hewa."

"Kwa nini hukusema siku ile?"

"Nilisema. Nilisema haitoki. Sikujua chombo kinadanganya wapi. Nimekaa siku kumi nikitafuta."

"Waambie polisi."

"Neno la Bujiku na kitabu chako, watachukua kitabu. Na dole gumba langu limo humohumo." Alifuta gololi kwenye suruali. "La kusema ni lako."

Jumapili 22 Januari

Hospitali. Sikusema.

Jumapili 29 Januari

Hospitali. Mama yake alikuwapo muda wote. Sikusema.

Jumatano 1 Februari

Maduhu ameshtakiwa: kuendesha kwa uzembe na kusababisha kifo. Askari anakaa mlangoni mwa wodi. Mtu asiye na mguu, wanamlinda asikimbie.

Jumapili 5 Februari

Leo mama yake alitoka kufua, tukabaki wawili. Nilikuwa na maneno mdomoni. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi njia nzima. Akanitangulia.

"Justa, nikuambie kitu ambacho sijamwambia mtu. Wazee wanataka niseme breki zilikataa. Lakini wewe ulipima. Kwa hiyo ni mimi. Nadhani nilichelewa kukanyaga."

"Ulikanyaga," nikasema.

"Nakumbuka kukanyaga. Nakumbuka mguu unaenda mpaka chini. Lakini mguu wenyewe sinao, nitauliza nani? Pengine ni ndoto tu. Pengine nilikuwa nawaza mambo ya Geita. Bwana shamba alikuwa ananisimulia habari za mtoto wake wa mwisho. Nilicheka. Pengine nilicheka muda mrefu."

Nilimshika mkono. Ndicho nilichofanya. Niliushika mkono wake mpaka mama yake aliporudi na nguo.

Jumapili 12 Februari

Hospitali. Sikusema.

Jumanne 14 Februari

Ndugu Nassibu ameniita ofisini. Nilidhani anajua. Alitaka tu kunionyesha barua ya kunithibitisha kazini, imekwisha pigwa taipu, bado saini. "Kesi ni tarehe ishirini Machi. Utaulizwa swali moja: saini hii ni yako? Utajibu ndiyo. Halafu tunamaliza mambo yetu."

Nikamwambia, "Ndugu, kipimo kilikalia ukingo."

Nilishangaa kusikia sauti yangu. Yeye hakushangaa. Alifungua droo akaiweka barua ndani, taratibu.

"Bujiku aliniambia habari hizo za gololi mwezi uliopita," alisema. "Nikamwambia marehemu hafufuki. Na wewe una miaka mingapi? Ishirini na moja? Ukisema hivyo, anayesimama kizimbani badala ya Maduhu ni nani, umejiuliza?"

Mpaka leo nilimwona kama baba. Nilipotoka nilikaa juu ya tairi kuukuu mbele ya Bujiku, naye akaendelea kukata utando wa breki bila kuniuliza kitu.

Jumapili 19 Februari

Sikusema.

Jumapili 26 Februari

Anajifunza magongo. Alianguka mara moja akacheka. Sikusema.

Jumapili 4 Machi

Homa. Sikwenda. Nilifurahi kuwa na homa.

Jumapili 11 Machi

Ameniambia mahakamani hatabisha. Kama hakimu akimuuliza, atasema yaliyomo moyoni, kwamba hakuwa makini. "Nimechoka kujitetea kwa kitu nisichokijua." Mama yake alilia, akaniomba nimshauri.

Jumatatu 19 Machi

Nimemwandikia baba. Nimemwambia asiwaambie tena watu wa kigango habari za ukarani.

Jumanne 20 Machi

Chumba cha mahakama ni kidogo, na watu wengi walisimama nje madirishani chini ya miavuli. Mjane wa Ngassa alikaa mbele, na kitenge cheusi. Maduhu aliletewa kiti kizimbani.

Mwendesha mashtaka alinionyesha kitabu. Saini hii ni yako? Ndiyo. Ulipima mwenyewe? Ndiyo. Akaanza kukaa.

Nikasema, "Lakini nilipima vibaya."

Hakimu aliinua kichwa. "Shahidi, umeulizwa?"

"Hapana, Mheshimiwa. Lakini ni kweli."

Nilieleza ukingo. Nilieleza taya za venia. Nilieleza kwamba fundi alikataa na mimi nikamshinda kwa namba. Niliendelea bila kusimama, kwa sababu nilijua nikinyamaza sitaanza tena. Hakimu aliagiza diski iletwe, nayo ikawekwa mezani kwake juu ya gazeti. Bujiku aliitwa. Hakula kiapo vizuri, alikosea maneno mara mbili. Lakini gololi zake mbili aliziweka pande mbili za diski bila kukosea. Mkaguzi wa magari ndiye aliyesoma kipimo. Alisoma, akavua miwani, akasoma tena. Akasema milimita nane na nusu. Akasema pistoni ingeweza kuchomoka kabla ya kugonga mawe.

"Ulijua lini?" hakimu akaniuliza.

"Tarehe kumi na tisa Januari."

Hapo ndipo nilipomwangalia Maduhu. Alikuwa ameshika mbao za kizimba kwa mikono miwili, na uso wake ulikuwa umefunguka kama mtu aliyetuliwa mzigo. Kisha niliiona tarehe ile ikimfikia. Niliona akihesabu.

Ijumaa 23 Machi

Wamemwachia huru. Mimi polisi wameniandika maelezo, wamesema wataniita. Ndugu Nassibu amehamishiwa ofisi nyingine. Barua yangu ya kusimamishwa kazi nimejipigia taipu mwenyewe, kwa sababu hakuna karani mwingine.

Bujiku amenipa mkono. Hakutania.

Jumapili 1 Aprili

Nimekwenda Tinde. Mvua imekatika tangu Alhamisi na mahindi yamekauka majani ya chini.

Maduhu alikuwa amekaa nje, magongo pembeni. Nilimwamkia mama yake, "Shikamoo, mama." Aliitikia, akanipa kigoda na maji ya kunywa, akaenda jikoni.

Nilimwambia Maduhu kwamba nimekuja kuomba msamaha kwa kipimo.

"Kipimo nilikwisha kusamehe palepale mahakamani," alisema. "Hata mimi ningepima hivyo. Hata mkaguzi, nadhani." Alikuwa anaongea polepole, kama siku zote. "Mwanzoni nilifurahi. Unajua nilivyofurahi? Nilisema, kumbe nilikanyaga. Kumbe mguu wangu ulifanya kazi yake."

Akayalaza magongo chini.

"Halafu nikahesabu Jumapili. Ile siku nilipokuambia nilichelewa, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Ukanishika mkono."

"Ndiyo."

"Nilikuwa nalala usiku namwona bwana shamba ananiuliza, Maduhu, ulikuwa unaangalia nini? Kila usiku. Namjibu, sijui. Wewe ungeweza kumjibu kwa neno moja." Alichukua gongo, akachora kitu chini, akakifuta. "Sina hasira, Justa. Nimeitafuta hasira sikuipata. Lakini kila nikikuona, nitakuona kwenye kile kiti cha hospitali, umenishika mkono. Sitaweza."

Wazee wake hawatakwenda Geita. Hatukulitaja hilo, wala halikuhitaji kutajwa.

Mama yake alileta wali na kuku. Tulikula watatu. Kisha alibeba mfuko wangu kichwani akanisindikiza mpaka barabarani, na tukasimama pamoja kungoja basi kwa muda mrefu. Hospitalini alizoea kuniita mkamwana. Basi liliposimama alimpa kondakta mfuko, akanifuta vumbi begani kwa kiganja.

"Haya," alisema. "Uende salama, mgeni wetu."